Lori Lililolazwa Mteremkoni

Ukitaka kumjua mgeni katika mtaa ule, mwangalie asubuhi lori linapoanza kusukumwa. Mgeni huuliza kuna nini. Mwenyeji haulizi; huweka kikombe chake chini, hukunja mikono ya shati na kwenda kutafuta nafasi nyuma ya bodi, kwa sababu zamu haikwepeki, na Mzee anawajua wote wanaojifanya wako chooni.

Lori lilikuwa la Mzee. Lilikuwa kuukuu, bluu iliyopauka, mlango wa kushoto wa rangi nyingine, na lilibeba matofali, mchanga na vyombo vya watu wanaohama. Jioni lililazwa juu ya mteremko ulio kando ya nyumba, pua ikitazama chini, jiwe kubwa limekingwa gurudumuni. Asubuhi jiwe lilitolewa, wanaume wakasukuma, lori likateremka, na mtoto mkubwa wa Mzee, ambaye ndiye dereva, akaachia klachi pale mwisho wa mteremko. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka. Watu wakashangilia na kurudi kwenye vikombe vyao vilivyokwisha kupoa.

Tena likishawaka halikuzimwa. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile, na hata watoto wadogo waliijua. Likipakiwa linanguruma, likipakuliwa linanguruma, dereva akila chakula linanguruma. Waliwahi kwenda nalo msibani, likaachwa nje likiunguruma vilevile, na waombolezaji wakalazimika kulia kwa sauti ya juu zaidi ili wasikike. Safarini dereva huyu, ambaye tutamwita Kaka kama alivyoitwa nyumbani, alitafuta mteremko kwanza, chakula baadaye. Kisa chote kilikuwa betri. Usiku iliingia nzima, asubuhi ilikuwa maiti.

Sasa aibu yenyewe ni hii: binti wa mwisho wa Mzee alikuwa fundi umeme wa magari, na si fundi wa kubahatisha. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani na gereji aliitwa Kebini, kwa sababu alizaliwa ndani ya kebini ya lori lilelile. Mama yake alishikwa na uchungu usiku, Mzee akampakia kwenda hospitali, na katikati ya safari tairi likapasuka. Hapakuwa na mwezi wala tochi. Mzee alipapasa chini ya lori akitafuta spana ambayo alikuwa ameikanyaga kwa mguu wake mwenyewe, na alipoipata, mtoto naye alikwisha kufika, analia.

Mzee aliapa kwamba giza halitamfanyia tena kitendo kile. Akachukua taa ya mbele ya gari, nzimanzima, akaifunga ndani ya sanduku la vifaa linaloning'inia chini ya bodi. Akaipa waya wake wenyewe kutoka kwenye betri, usiopitia popote pengine, ili kitu chochote kikiharibika hiyo isiharibike. Ukifungua mlango wa sanduku, taa inawaka na spana zote unaziona hadi kutu yake. Ukifunga, kijibati kilichochomelewa mlangoni kinakandamiza kitufe, nayo inazima. Aliionea fahari taa ile kuliko lori zima. Wageni walipelekwa kuonyeshwa kabla hawajakaribishwa kiti.

Kebini alikua akishika waya kama wenzake walivyoshika midoli. Alikuwa na kibanda chake cha mabati katika uwanja wa gereji, benchi lenye alama za kuungua, na taa ya kupimia ambayo hakumwazima mtu. Magari yaliyowashinda wengine yaliletwa kwake yakivutwa, yakaondoka yakipiga honi. Basi mafundi wenzake, watu wasio na huruma, walikuwa na salamu yao moja.

"Kebini, hujambo? Na lile la kwenu, limesukumwa salama?"

Naye alicheka nao, kwa sababu asingecheka ingekuwa mbaya zaidi. Lakini lilimuuma. Alikuwa amelipima lori lile mara nyingi asizotaka kuzikumbuka. Alibadilisha betri. Alibadilisha oltaneta inayochaji betri. Aliwahi kugombana na Kaka mpaka wakanuniana, akimshutumu kwamba anaacha kitu kimewashwa kwa makusudi ili aonekane shujaa asubuhi. Kaka alikula kiapo kwa jina la mama yao marehemu kwamba haachi kitu. Alikuwa akisema kweli, maskini.

Mambo yalifika ukingoni siku lori lilipogoma kuwaka kabisa. Liliteremka mteremko wote, likafika chini, likakaa kimya likiwa limeziba barabara, na magari yakajipanga huku na huku yakipiga honi. Wakasukuma hadi mishipa ya shingo ikawatoka. Fundi cherehani wa jirani, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kukosa zamu, aliteleza akajigonga goti vibaya. Jioni ile Kaka aliketi mbele ya baba yake, kofia mkononi.

"Baba, nimechoka. Watu wamechoka. Nimeongea na mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumamosi asubuhi anakuja kulitazama, na akilipenda analivuta."

Miguu ya Mzee ilikuwa imemwishia miaka michache nyuma, haendeshi tena, lakini kila jioni aliburuta kiti chake hadi barazani na kukaa akilitazama lori lake mpaka aitwe kula. Siku hiyo alikigeuza kiti, akalipa lori mgongo.

"Jumamosi," alisema, "likiwaka lenyewe bila kuguswa na mtu, linabaki. Lisipowaka mlichukue, na mimi msiniite kutazama."

Tangu jioni hiyo kiti kikabaki kimegeuzwa vile. Mzee akala kidogo, akaongea kidogo. Kebini alipomwona baba yake anatazama ukuta ilhali lori lake liko nyuma yake, moyo ulimkatika. Lile halikuwa gari tu pale nyumbani. Mama yao alikuwa amekaa katika kiti kile cha kebini, alikuwa amecheka mle ndani na kupiga kelele mle ndani, na hapakuwa na mahali pengine palipobaki pa kumkumbukia. Akapiga moyo konde. Akamwomba Kaka ampe lori alipeleke gereji.

Pale gereji, kwenye uwanja uliosawazishwa kwa saruji, alijaza betri umeme, kisha akafanya kama alivyofanya siku zote. Alifungua waya mmoja wa betri, akaweka taa yake ya kupimia katikati, kati ya betri na ule waya. Maana yake ni nyepesi: ikiwa kuna kitu kinakunywa umeme wakati gari limezimwa, ni lazima umeme huo upitie kwenye taa, nayo itawaka. Taa haikuwaka. Akasubiri. Akaitikisa. Akaipima taa yenyewe kwenye betri nyingine, ikawaka vizuri tu. Akafungua hata sanduku la Mzee, taa ikawaka. Akafunga, ikazima, na taa ya kupimia ikazima nayo. Hakuna kilichovuja. Lori likalala pale, na asubuhi aliliwasha kwa ufunguo, mara moja, kama gari lililotoka dukani jana.

Furaha iliyompata! Alilirudisha nyumbani akipiga honi kuanzia kona ya mbali, akalipandisha mahali pake juu ya mteremko, akamwambia kila aliyepita kwamba ugonjwa umekwisha. Kesho yake asubuhi Kaka alizungusha ufunguo. Lori lilitoa mlio mdogo, tik, likanyamaza.

"Lenyewe linakuheshimu wewe," Kaka alimwambia, hata hasira hakuwa nayo tena. "Sisi huku limetuzoea, mdogo wangu."

Walisukuma. Kebini naye alisukuma, uso umemshuka, mikono juu ya chuma kilekile alichokisifia jana. Gereji walipopata habari walivunjika mbavu. Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Na hapo ndipo Kebini alipofanya jambo ambalo angelifanya zamani kama kiburi kingemruhusu. Alijiuliza swali la mtu asiye fundi. Kule gereji lori ni zima, hapa nyumbani ni bovu. Lori ni lilelile, betri ni ileile, waya ni zilezile. Basi kwa nini analipeleka mbali na ugonjwa wake ili kuutafuta ugonjwa? Alikuwa kama mtu anayemhamisha mgonjwa wa mbu kwenda kumpima mahali pasipo na mbu. Jioni aliliacha lilale pale pale juu ya mteremko, na Ijumaa, kulipopambazuka tu, kabla wasukumaji hawajaamka, alikwenda na taa yake.

Umande ulikuwa umelowesha kila kitu. Alifungua waya wa betri, akaweka taa katikati. Ikawaka.

Haikuwaka kwa nguvu, betri ilikuwa imekwisha kunyonywa sana, lakini iliwaka, nyekundu, na yeye akaisogelea kama anayesogelea mtoto aliyelala. Akachomoa fyuzi moja. Taa palepale. Akachomoa nyingine, na nyingine, hadi kisanduku cha fyuzi kikabaki mapengo matupu. Taa haikutikisika. Basi mwizi hakupita kwenye fyuzi. Alikuwa na mlango wake wa uani.

"Kebini!" Ni fundi cherehani, anachechemea kuja, goti limefungwa kitambaa. "Umemwona paka wangu?"

"Shikamoo. Sijamwona, nina kazi hapa."

"Marahaba. Lazima yuko humo kwenu. Mmemlisha nini huyu? Kwangu ana mto, ana bakuli, lakini usiku ukiingia tu, huyo, anakuja kulala kwenye chuma cha watu. Mke wangu anasema mmemroga."

Akainama kwa taabu, akachungulia chini ya bodi. Paka alikuwepo. Alikuwa amejikunja juu ya sanduku la vifaa, katika kile kinafasi kati ya sanduku na sakafu ya bodi, amelala usingizi wa tajiri.

"Huyo hapo! Nitolee, dada, mimi goti haliruhusu."

Kebini aliingiza mkono amtoe. Paka alijivuta, akagoma, na mkono wa Kebini ukateleza ukagusa chuma cha sanduku.

Kilikuwa cha moto.

Alitulia. Aligusa bodi: baridi, imelowa. Aligusa gurudumu: baridi. Aligusa tena sanduku: moto mzuri kama wa pasi iliyokwisha kuanza kupoa, na juu yake umande hakuna hata tone. Injini haikuwa imewashwa tangu jana. Alimwangalia paka, na paka akamwangalia yeye, kwa dharau ya kiumbe aliyekuwa na jibu siku zote na hakuna aliyemuuliza.

"Vipi?" fundi cherehani akauliza. "Amekuuma?"

"Hajaniuma," alisema Kebini. "Mwache. Mwache kwanza, tafadhali."

Alifungua mlango wa sanduku. Taa ya Mzee ilikuwa inawaka, kwa uvivu, kwa kuwa sasa iligawana umeme na taa ya kupimia. Hilo halikumshangaza, ukifungua, inawaka, watu wote wanajua. Aliufunga mlango huku macho yake yakiwa juu, kwenye taa ya kupimia. Watu wote wanajua kwamba ukifunga inazima. Taa ya kupimia haikuzima. Akafungua, akafunga, akafungua. Ikabaki inawaka. Akaingiza kidole chake ndani na kukikandamiza kile kitufe kwa ukucha.

Ikazimika.

Alikiachia, ikawaka. Alikikandamiza, ikazimika. Akalala chali kwenye umande, nguo na zote, akalikagua sanduku kwa chini. Bolti moja ya nyuma haikuwepo. Tundu lake lilikuwa na kutu ya miaka. Kwenye ardhi sawa sanduku lilikaa sawa, na kile kijibati cha mlangoni kilikipata kitufe barabara. Lakini lori likitazama chini, sanduku lilining'inia upande, mlango ukateleza kwenye bawaba zake zilizolegea, si sana, unene wa ukucha tu, na kijibati kikakikosa kitufe. Mlango ukafungwa taa ikiwa inawaka ndani. Taa ya mbele ya gari, nzimanzima, inakesha gizani mle ndani ikiziangazia spana, na hakuna wa kuiona, isipokuwa paka aliyeuhisi ule moto kwa tumbo lake.

Kisha akili yake ikapiga hatua nyingine, akaketi ghafla. Kwa nini lori linalazwa mteremkoni? Kwa sababu betri inakufa. Kwa nini betri inakufa? Kwa sababu lori linalazwa mteremkoni! Miaka mingi nyuma, yeye akiwa bado anavaa sare za shule, stata, ile mota inayoamsha injini, iliharibika, wakaanza kulilaza pale ili wapate kulisukuma. Stata ilibadilishwa baadaye, lakini asubuhi ya kwanza lori halikuwaka, wakasema stata mpya nayo ni mbovu, wakaliacha palepale. Na walipoona haliwaki, ndipo walipozidi kuliinamisha. Mtaa mzima ulikuwa umeota misuli kwa ajili ya hilo.

Kebini alicheka peke yake, amekaa kwenye majani, mpaka fundi cherehani akarudi nyuma hatua, akidhani ni kweli kuna uchawi.

Kuukata ule waya lingekuwa jambo la kufumba na kufumbua. Koleo lilikuwa mfukoni. Hakulitoa. Alitafuta bolti, akaliinua sanduku likakaa mahali pake, akakaza bawaba, akachomelea kijibati kipana zaidi ambacho kisingekosa kitufe hata lori likisimama wima. Mchana wakalisukuma kama kawaida, akampa Kaka alizungushe mjini ili betri ijae. Hakumwambia kitu. Alikuwa amekwisha kutangaza ushindi mara moja wiki ile, na mara moja inamtosha mtu mwenye akili.

"Leo nililaze gereji kwenu?" Kaka aliuliza jioni, akitaka kumsaidia. "Kule linawaka."

"Lilaze mteremkoni. Mahali pake. Tena liinamishe vizuri."

Kaka alimtazama, akatikisa kichwa, akaliinamisha vizuri.

Jumamosi mtaa uliamka mapema kuliko kawaida. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kufika, mtu mnene mwenye sauti ya upole, amekaa juu ya minyororo yake. Wasukumaji walikuja bila kuitwa. Wengine walitaka kuliaga, wengine mikono yao haikujua pengine pa kwenda saa ile. Walijipanga nyuma ya bodi, kila mmoja mahali pake pa miaka. Mzee alikuwa barazani, kiti kimegeuzwa, anautazama ukuta.

Kaka alitoa ufunguo mfukoni, akaupima mkononi, kisha akampa mdogo wake.

"Washa wewe. Mkono wangu umezoea kushindwa."

Kebini alipanda kebini. Alipokuwa mdogo mama yake alikuwa akimwonyesha pale pale kitini, akisema, "Hapa ndipo ulipotokea, ukaanza kutugombeza." Aliingiza ufunguo, akauzungusha.

Lori liliwaka kabla hajamaliza kuuzungusha. Liliwaka kwa kishindo, papo hapo lilipo, jiwe gurudumuni, bila kusogea hata kidogo. Nyuma, wasukumaji waliruka kama waliochomwa, wakabaki wameinua mikono hewani, hawajasukuma kitu. Kisha zikapasuka kelele za vifijo, na fundi cherehani akasahau goti lake akaruka, akalikumbuka alipotua.

Kiti cha barazani kiligeuka. Mzee alikuja kwa fimbo yake, hatua moja moja, watu wakimpisha njia, mpaka akafika dirishani kwa binti yake.

"Umelifanya nini?"

Kebini aliteremka. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa. Alimpeleka kwenye sanduku, akalifungua, taa ikawaka kuwamulika wote wawili, akamweleza: bolti, mteremko, kitufe, usiku wote ule.

"Ilikuwa taa yako, Baba. Sikutaka kuikata. Nimeitengeneza tu."

Mzee aliitazama taa kwa muda mrefu. Kidevu kilimcheza, Kebini akadhani amemuumiza. Kumbe ni kicheko kilikuwa kinatafuta njia.

"Niliiambia isituache gizani," alisema. "Nayo ikanitii kupita kiasi."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na haikujulikana yapi yalikuwa ya kicheko. Kisha akasema apandishwe kebini. Kaka na Kebini walimwinua, wakamketisha kwenye kiti kile, Kebini akashika usukani. Mzee alisikiliza injini yake kidogo, mikono juu ya fimbo.

"Zima," alisema.

Watu walipiga yowe. "Usizime! Mzee, usizime!" Kaka alinyoosha mkono dirishani kumzuia, kwa mazoea tu, kabla hajajua anafanya nini. Tangu stata ya zamani iharibike, hapo mtaani hapakuwa na mtu aliyezima injini ile mchana mbele ya watu.

Kebini alizima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa. Mtoto alisikika akikohoa nyumba ya tatu.

"Washa."

Liliwaka.

"Zima."

Likazima.

"Washa!"

Likawaka, na sasa Mzee alikuwa anapiga paja lake kwa furaha, na kila likiwaka mtaa mzima ulipiga kelele, hata mnunuzi wa vyuma chakavu alipiga kelele nao, minyororo ikimning'inia begani.

"Zima tena," alisema Mzee hatimaye, akijifuta macho. "Twende tukanywe chai."

Wakamteremsha. Wakaenda barazani wote, Mzee na wanawe, wasukumaji, na mnunuzi aliyealikwa kwa kuwa ametoka mbali. Lori likabaki nyuma yao juu ya mteremko, limezimwa, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kulitazama.